Nani Kiboko Yao? Rekodi 12 za Waigizaji wa Jukwaa na Skrini wa Uingereza

Mwigizaji wa Uingereza ana viwanja viwili. Kwenye jukwaa la London anacheza maonyesho manane kwa wiki, na akisahau maneno hakuna wa kumwambia arudie. Mbele ya kamera anaweza kurudia mara ishirini, lakini atakachokifanya kitatazamwa hata miaka mia moja ijayo. Wengi hucheza viwanja vyote viwili, na ndiyo maana wameacha nyuma namba za kutisha. Tumezipanga 12. Sharti la kuingia ni moja tu: ubishi umalizwe na hesabu, si na sifa.

1. Umati mkubwa kuliko wote: watu 300,000

New Delhi, Januari 31, 1981. Mwongozaji Richard Attenborough anapiga picha za mazishi ya Mahatma Gandhi katika tarehe ileile ya mazishi yenyewe, miaka 33 baadaye. Wanajitokeza watu wapatao 300,000: zaidi ya 200,000 kwa hiari yao, na wengine wapatao 94,000 kwa malipo. Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam, unachukua watu 60,000. Ujaze mara tano, ndipo uupate umati huo.

Vikosi 11 vya wapiga picha vilifanya kazi siku hiyo, na kilichobaki kwenye filamu ni sekunde 125. Gawanya: watu 2,400 kwa kila sekunde, yaani mabasi 40 ya abiria 60 kabla hujapepesa jicho. Hakuna tukio la filamu lililowahi kukusanya watu wengi wa kweli kiasi hicho!

Gandhi mwenyewe aliigizwa na Ben Kingsley, mwigizaji wa kundi la maigizo la Royal Shakespeare Company aliyezaliwa kwa jina la Krishna Bhanji. Babu yake aliuza viungo Zanzibar. Baba yake alizaliwa Kenya, akakaa Zanzibar hadi alipoondoka kwenda Uingereza akiwa na miaka 14. Filamu ilizoa Oscar 8, na moja ikaenda kwa mjukuu huyo wa muuza viungo.

2. Tiketi zilizokwisha kwa kasi: 100,000 ndani ya dakika chache

Agosti 2014 tiketi za Hamlet, tamthilia ya Shakespeare, ziliwekwa sokoni, mhusika mkuu akiwa Benedict Cumberbatch. Onyesho lenyewe lilikuwa la Agosti 2015. Yaani watu walinunua viti vya mwaka mmoja mbele, na tiketi 100,000 zikaisha kwa dakika chache. Wanunuzi hao wangeujaza Uwanja wa Mkapa hadi kona ya mwisho, kisha wengine 40,000 wakabaki nje wakibembeleza walinzi.

Ukumbi wa Barbican, ulikochezwa, una viti kama 1,150 tu, kwa hiyo umati huo ulilazimika kuingia kidogo kidogo kwa wiki 12. Na haya yote kwa tamthilia yenye umri wa miaka 400, ambayo kila mtu anajua mwisho wake: karibu wote wanakufa.

3. Hamlet mwenye mvi nyingi: miaka 82

Hamlet ni mwanafunzi wa chuo. Ian McKellen hakujali. Mwaka 2021, kwenye ukumbi wa Theatre Royal wa Windsor, alimwigiza mwanafunzi huyo akiwa na miaka 82. Mara yake ya kwanza ilikuwa 1971, kwa hiyo kati ya Hamlet wake wawili kuna nusu karne kamili.

Tazama familia ilivyopangwa: mama yake Hamlet aliigizwa na Jenny Seagrove, aliyezaliwa 1957. McKellen alizaliwa 1939. Mtoto alimzidi mama yake miaka 18!

Wala hakustaafu hapo. Juni 2024, akiwa na miaka 85, alikuwa jukwaani London akicheza tukio la mapigano alipoteleza akaanguka chini upande wa watazamaji. Wengine wa umri huo huanguka wakitoka bafuni. Yeye aliangukia kazini.

4. Mtu mmoja, filamu moja: sura 8

Kind Hearts and Coronets, 1949. Kijana mmoja anawaua ndugu zake mmoja baada ya mwingine ili arithi cheo, na watu wanane wa ukoo huo wote ni mtu mmoja: Alec Guinness. Ni kasisi, ni jenerali, ni admirali wa meli za kivita, ni mwanaharakati wa kike anayepaa kwenye puto. Mtu mmoja amezikwa mara nyingi kuliko ukoo mzima.

Kuna tukio la kanisani ambapo sura sita kati ya hizo zinaonekana kwa pamoja. Kompyuta hazikuwapo. Mpiga picha Douglas Slocombe aliifunga kamera isitikisike, akaziba sehemu kubwa ya lenzi, akampiga Guinness picha akiwa mtu wa kwanza, akairudisha filamu nyuma, akafungua sehemu nyingine, Guinness akarudi akiwa mtu wa pili. Hivyo hivyo hadi sita. Ilichukua siku mbili, na usiku Slocombe alilala palepale studio asije mtu akaigusa kamera. Milimita chache tu zingeharibu ukoo wote.

5. Mrefu mwenye filamu nyingi: mita 1.96, filamu zaidi ya 200

Christopher Lee alikuwa na urefu wa mita 1.96. Msimamishe chini ya mwamba wa goli, wenye mita 2.44, na kati ya kichwa chake na mwamba inabaki sentimita 48 tu. Lakini urefu ni kionjo. Mlo kamili ni filamu: zaidi ya 200. Anza kutazama moja kila siku tangu Januari mosi, na katikati ya Julai bado utakuwa na za kesho.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili alifika Rhodesia Kusini kujifunza urubani, macho yakamkatalia. Mwaka 1958 akawa Dracula. Katika Dracula: Prince of Darkness ya 1966 hakutamka neno hata moja, na watu bado waliogopa. Baadaye akawa Saruman katika The Lord of the Rings, na katika waigizaji wote wa kikosi kile ndiye pekee aliyewahi kukutana na mwandishi wake, Tolkien. Alipofika miaka 87 akatoa albamu ya hevi metali. Filamu zaidi ya 200, na idadi ya mara alizoteuliwa Oscar ni hii: sifuri.

6. Oscar nyingi za mwigizaji bora wa kiume: 3

Sasa geuza upande wa pili. Daniel Day-Lewis ana filamu zinazozidi kidogo 20, na Oscar 3 za mwigizaji bora: My Left Foot, There Will Be Blood na Lincoln. Hakuna mwanamume mwingine aliyezipata tatu za daraja hilo. Ni Oscar moja kwa kila filamu kama saba. Kwa kiwango hicho, Christopher Lee angehitaji kabati la Oscar karibu 30.

Siri yake ni ukaidi. Katika My Left Foot aliigiza Christy Brown, msanii aliyechora kwa mguu wa kushoto kwa sababu viungo vyake vingine havikumtii. Kamera zilipozimwa, Day-Lewis hakutoka kwenye kiti cha magurudumu. Wafanyakazi walimlisha kwa kijiko na kumbeba juu ya nyaya za taa.

Jukwaa lakini lilimshinda. Mwaka 1989, akicheza Hamlet kwenye National Theatre, aliondoka katikati ya onyesho. Hajacheza jukwaani tena.

7. Dakika chache zenye faida kubwa: chini ya 10

Judi Dench aliingia kwenye Shakespeare in Love akiwa Malkia Elizabeth wa Kwanza. Filamu ina dakika 123. Yeye anaonekana kwa muda usiofika dakika 10. Mapumziko ya mpira ni dakika 15. Ungekuwa bado unasubiri chai yako wakati yeye ameshamaliza kazi na kuondoka na Oscar, mwaka 1999.

Usidhani ni mtu wa njia ya mkato. Alianza kazi ya jukwaa 1957, akiwa Ophelia katika Hamlet kwenye ukumbi wa Old Vic. Ana tuzo 8 za Olivier, zile kubwa kuliko zote kwa jukwaa la London, moja kati yake ikiwa ya heshima. Mwaka 1996 alichukua mbili kwa usiku mmoja: mwigizaji bora wa kike katika tamthilia, na mwigizaji bora wa kike katika tamthilia ya muziki. Washindani wake wa usiku ule walirudi nyumbani wakijua wamefungwa na mtu mmoja nyumbani na ugenini.

8. Mfalme wa kushindwa: mara 8 bila ushindi

Peter O'Toole, mwenye asili ya Ireland aliyekulia Leeds, aliteuliwa Oscar ya mwigizaji bora mara 8. Alishinda mara ngapi? Hata moja. Hakuna mwanamume aliyeteuliwa mara nyingi hivyo kwa uigizaji akatoka mikono mitupu. Ya kwanza ilikuwa ya Lawrence of Arabia ya 1962, ya mwisho Venus ya 2006. Miaka 44 ya kuvaa suti nzuri na kumpigia makofi mwenzake.

Orodha ya waliomfunga ni tamu. Mara ya saba alifungwa na Ben Kingsley, yuleyule wa namba 1. Mara ya nane alifungwa na Mmarekani Forest Whitaker, aliyemwigiza Idi Amin katika The Last King of Scotland, filamu iliyopigwa Uganda. Whitaker alijifunza Kiswahili kwa ajili ya kazi hiyo. Kwa hiyo O'Toole angeweza kusema kwamba pigo lake la mwisho lilikuwa na lugha yetu ndani yake.

Mwaka 2003 walimpa Oscar ya heshima. Kabla ya kuipokea aliomba wamsubirie hadi afikishe miaka 80, kwa sababu bado yuko mchezoni.

9. Onyesho lisilokwisha: tangu Novemba 25, 1952

Februari 1952, binti mfalme Elizabeth akiwa Nyeri, Kenya, baba yake alifariki na yeye akawa malkia. Miezi tisa baadaye tamthilia ya Agatha Christie, The Mousetrap, ilifunguliwa London. Malkia akatawala miaka 70, muda mrefu kuliko mtawala yeyote wa Uingereza kabla yake. Malkia ametangulia. Tamthilia bado inachezwa!

Kilichoisimamisha ni korona tu, kuanzia Machi 2020 hadi Mei 2021. Machi 2025 ilitimiza onyesho la 30,000. Watazamaji wake wamepita milioni 10, karibu mara mbili ya wakazi wa Dar es Salaam kwa sensa ya 2022, na wote wamepita kwenye kumbi ndogo. Huu wa sasa, St Martin's, una viti 550, abiria wa mabasi tisa.

Katika kikosi cha kwanza kabisa alikuwemo Richard Attenborough, yule aliyekuja kukusanya watu 300,000 Delhi. Vifaa vya siku ile vimechakaa na kubadilishwa, isipokuwa saa iliyoko juu ya meko. Na sauti ya mtangazaji wa redio inayosikika jukwaani ni ya Deryck Guyler, iliyorekodiwa. Guyler alifariki 1999. Bado yuko kazini kila jioni.

10. Mechi nyingi, na benchi refu: 4,575 na 6,240

Onyesho moja limezaa mabingwa wawili wa aina tofauti. David Raven alimwigiza Meja Metcalf katika The Mousetrap mara 4,575. Ligi Kuu ya Tanzania ina mechi 30 kwa timu kila msimu. Mchezaji wa Yanga anayetaka kumfikia Raven acheze misimu 152 na nusu bila kuumia wala kupewa kadi nyekundu. Yanga yenyewe ilianzishwa 1935.

Upande wa pili yuko Nancy Seabrooke, mwigizaji wa akiba. Kwa miaka 15, hadi 1994, alikuwa tayari kwa maonyesho 6,240, maneno yote kichwani, akingoja mwenye nafasi augue. Aliingia jukwaani mara 72. Jioni nyingine 6,168 alikaa benchi. Wachezaji wa akiba wanaolalamika baada ya mechi tatu wamtafute huyu mama wajifunze.

11. Mkubwa na mdogo, usiku mmoja: miaka 83 na 32

Aprili 25, 2021, sherehe za Oscar. Daniel Kaluuya, mzaliwa wa London mwenye wazazi kutoka Uganda, anashinda mwigizaji bora msaidizi kwa Judas and the Black Messiah. Ana miaka 32, na ndiye Mwingereza mweusi wa kwanza kushinda Oscar ya uigizaji. Alikomaa jukwaani: mwaka 2013, kwenye ukumbi wa Young Vic, alimwigiza Mobutu katika A Season in the Congo, huku Chiwetel Ejiofor akiwa Lumumba.

Tuzo ya mwisho ya usiku: mwigizaji bora. Jina linatajwa, ukumbi kimya, mshindi hayupo. Anthony Hopkins alikuwa amelala kwao Wales. Kwa filamu ya The Father, akiwa na miaka 83, aliamka akiwa mtu mwenye umri mkubwa zaidi kuwahi kushinda Oscar ya uigizaji! Mtumishi wa umma Tanzania hustaafu kwa lazima akiwa na miaka 60. Hopkins alipitiliza kwa miaka 23. Na siku Kaluuya anazaliwa, yeye tayari alikuwa na miaka 51.

12. Fainali ya kazi ndefu: miaka 78 kwa 78

Kona ya kwanza, John Gielgud. Alianza Novemba 1921 kwenye Old Vic, akiwa mjumbe katika Henry V mwenye mstari mmoja wa kusema. Alimwigiza Hamlet zaidi ya mara 500. Katika Julius Caesar, tamthilia ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri kwa jina la Juliasi Kaizari, alimcheza Cassius katika filamu ya 1953, kisha Kaizari mwenyewe katika ya 1970. Mwaka 1991, akiwa na miaka 87, alipata Emmy na kukamilisha seti ya tuzo kubwa za Marekani: Emmy ya televisheni, Grammy ya kurekodi sauti, Oscar ya filamu na Tony ya jukwaa. Kazi yake ya mwisho, Catastrophe, aliifanya 2000 wiki chache kabla ya kufariki, na humo hasemi lolote. Alianza na mstari mmoja, akamaliza na sifuri. Katikati kuna miaka 78.

Kona ya pili, Angela Lansbury, mzaliwa wa London. Filamu yake ya kwanza, Gaslight, ilitoka 1944, na ikamletea uteuzi wa Oscar akiwa bado kijana. Ya mwisho, Glass Onion, ilitoka 2022. Miaka 78. Vipindi vya Murder, She Wrote, 264. Aliteuliwa Emmy mara 18 na hakushinda hata moja, lakini Tony za ushindani alichukua 5, na juu yake moja ya heshima.

Wote wawili walifariki wakiwa na miaka 96. Muda sare, umri sare. Kwenye kabati Gielgud ana seti kamili, Lansbury ana Tony nyingi. Refa afanyeje?

Aangalie mechi ya mwisho. Mwaka 2014 Lansbury alirudi kucheza Blithe Spirit jukwaani London, na mwaka uliofuata, akiwa na miaka 89, kazi hiyo ikampa tuzo yake ya kwanza ya Olivier. Ukumbi aliochezea unaitwa Gielgud Theatre. Alishinda nyumbani kwa mpinzani wake, chini ya jina lake. Katika mashindano haya bao la ugenini linahesabiwa: kombe ni la Lansbury.